Tangi la dizeli linaliwa na kutu: anza na dalili, kisha fuata maji

Dizeli kavu haili chuma. Bamba la chuma likizama ndani yake linaweza kukaa miaka na miaka bila doa, kwa kuwa kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine, na mafuta hayapitishi umeme huo. Maji hupitisha. Yakiwa na chumvi au asidi, hupitisha zaidi. Ndiyo maana tangi likianza kuliwa, mimi sianzi na habari za rangi wala umri wa chuma. Nauliza maji yameingilia wapi. Na kutu yenyewe hulijibu swali hilo: iko sakafuni, iko kwenye paa la ndani, iko nje chini ya miguu ya tangi, imetapakaa kote au imetoboa kishimo kimoja tu. Mahali ilipo hutaja mlango ambao maji yamepitia.

Haya ni kwa wenye matangi ya chuma ya lita elfu moja hadi elfu hamsini: hospitali na hoteli zenye jenereta, vituo vya mafuta, mashamba, yadi za malori, wenye boti wanaoweka akiba karibu na gati. Nazungumzia zaidi dizeli. Petroli nitaitaja pale inapotofautiana. Nimepanga kwa dalili kwa sababu tatizo huja hivyo. Karibu hakuna anayeiona kutu ndani ya tangi lake. Anachokiona ni jenereta kuzimika usiku na filta iliyoziba.

Filta inaziba kabla ya muda wake

Usiitupe filta ya zamani. Ikate, utandaze karatasi yake juu ya bati safi, na uangalie kilichonaswa. Vitu vinne hufanana kwa macho ya haraka, na kila kimoja kinakupeleka njia tofauti.

Magamba na unga wa rangi nyekundu-kahawia ni kutu iliyokua penye hewa ya kutosha, kwa hiyo mara nyingi imedondoka kutoka sehemu ya juu ya tangi, juu ya usawa wa mafuta, au kutoka kwenye bomba la kujazia. Unga mweusi unaong'ang'ania sumaku ni kutu ya mahali penye hewa chache, na mahali hapo kwa kawaida ni sakafuni, chini ya maji yaliyotuama. Ute mweusi au kahawia unaoteleza vidoleni, wakati mwingine umeshikana kama ngozi laini, ni viumbe hai: bakteria na kuvu. Huo una sehemu yake hapa chini.

Cha nne ni uchafu mweusi mithili ya lami, usioteleza wala kushika sumaku. Hiyo ni dizeli iliyochakaa, na tangi lako huenda halina kosa lolote. Lakini kabla hujaliondolea lawama, kagua mabomba na viungio. Zinki na shaba huharakisha kuharibika kwa dizeli, kwa hiyo bomba lililopakwa zinki ndani, au kipande kirefu cha bomba la shaba, kinaweza kuwa chanzo. Zinki kwa nje ya bomba haina neno.

Ukikuta mchanga tu, kifuniko au bomba la kupumulia liko wazi. Lirekebishe siku hiyo hiyo, maana penye njia ya mchanga pana njia ya mvua.

Dipu inaonyesha maji

Maji ni mazito kuliko mafuta. Lita moja ya maji ina kilo moja, na lita ya dizeli ina gramu 820 hadi 860 hivi, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa. Pesti ya kupimia maji hupakwa kwenye ncha ya fito ya dipu, yaani fito ndefu ya kupimia kina cha mafuta, na hubadilika rangi inapogusa maji. Kazi ni rahisi, ila wengi huifanya mahali pasipofaa. Matangi mengi ya kulala hufungwa kwa mwinamo kidogo, na shimo la kujazia linaweza kuwa upande ulioinuka. Ukipima hapo unaweza kusoma sufuri wakati upande wa pili una sentimita kadhaa za maji. Tafuta upande ulioinama, na kama hauna tundu la kupimia, hilo ni pungufu la kurekebishwa. Usipime mara tu baada ya lori kushusha, kwa sababu mafuta yaliyovurugika hubeba matone mengi madogo. Acha yatulie usiku mzima.

Ukishathibitisha maji yapo, usikimbilie kuyatoa na kusahau. Kwanza yapime wingi wake, kwa kuwa wingi huo ndio ushahidi mkubwa ulio nao.

Maelezo yanayosikika kila mahali ni kwamba tangi linatoa jasho. Tupige hesabu. Hewa ya pwani ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kama siku nyingi za Dar es Salaam au Mombasa, kila mita moja ya ujazo hubeba gramu 23 hivi za maji. Kila unapotumia lita elfu moja za dizeli, mita moja ya ujazo ya hewa huingia kushika nafasi yake. Hata kama unyevu wake wote ungegeuka matone na kubaki ndani, ungepata gramu 23. Lita elfu mia moja za dizeli zikipita kwenye tangi hilo, jasho lote lisingefika lita mbili na nusu. Tangi likipumua mchana na usiku kwa sababu ya joto na baridi, huongeza gramu chache kwa siku. Kwa hiyo jasho ni la kweli, na kwenye tangi linalokaa nusu tupu kwa miezi linatosha kulowesha paa na kulitia kutu. Lakini halikuletei ndoo ya maji kwa mwezi.

Sasa linganisha na milango mingine. Kiwango cha Marekani cha dizeli, ASTM D975, kinaruhusu maji na mashapo hadi asilimia 0.05 kwa ujazo. Shehena ya lita elfu kumi iliyo kwenye ukomo huo inaweza kuja na lita tano. Kiwango cha Ulaya, EN 590, ni kikali zaidi, miligramu 200 kwa kilo, na bado shehena hiyo hiyo inaweza kubeba karibu lita moja na nusu hadi mbili kihalali kabisa. Na mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya kisanduku cha kujazia, kile kinachozunguka mdomo wa bomba la kujazia, chenye eneo la sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, ni lita tano nyingine, kwa mvua moja.

Basi, ukipata lita tano, kumi au ishirini, acha habari za jasho. Ama zimekuja na lori, ama zimeshuka na mvua, ama zinatoka ardhini. Tofautisha hivi.

Piga dipu ya maji kabla ya lori kushusha na asubuhi ya siku inayofuata. Maji yakiruka kati ya vipimo hivyo viwili, na hakukuwa na mvua, yamekuja na shehena. Weka sampuli ya chupa ya kioo kutoka kwenye lori kila mara, na uichukue chini kabisa ya kila chumba cha lori, kabla valvu haijafunguliwa kwa ushushaji. Mazungumzo na msambazaji huwa mafupi ukiwa na chupa mkononi.

Yakiruka baada ya mvua, fungua kisanduku cha kujazia. Tazama mpira wa kifuniko, tazama ufa kwenye kuta za kisanduku. Visanduku vingi vina koki ndogo ya kurudishia kwenye tangi mafuta yaliyomwagika. Mhudumu akikuta kisanduku kimejaa maji ya mvua, njia ya haraka kwake ni kuifungua koki hiyo, na maji yote hushuka. Hakuna rangi itakayolinda tangi dhidi ya mazoea hayo. Weka pampu ya mkono na ndoo karibu na kisanduku kabla masika haijaanza mwezi wa tatu, na mfundishe kila anayeshika zamu.

Yakipanda polepole wakati wa kiangazi, hakuna lori lililofika, na tangi limezikwa: hilo ni jambo zito, na linafuata.

Tangi lililozikwa: maji yanaongezeka, au mafuta yanapungua

Tundu kwenye tangi la ardhini halimaanishi lazima mafuta yatoke. Maji ya ardhini yakiwa juu kuliko mafuta, yanasukuma kuingia. Maji yakishuka, mafuta yanatoka. Sehemu za pwani ambako maji ya ardhini hupanda na kushuka, tangi moja linaweza kukuonyesha dalili zote mbili kwa mwaka mmoja, na mwenye tangi akadhani ni matatizo mawili.

Kipimo kizuri hapa ni chumvi. Maji ya jasho na ya mvua karibu hayana chumvi. Maji ya ardhini karibu na bahari yanayo. Chukua sampuli kutoka sakafuni, iache itengane, kisha ipime kwa vijiti vya kupimia kloraidi au upeleke maabara ya maji. Usionje kamwe. Ulinganishe na kisima cha jirani: zikikaribiana, ardhi inaingia ndani ya tangi. Kumbuka tu kwamba maji yaliyokaa muda mrefu huokota chumvi nyingine kutoka kwenye kutu na mashapo, kwa hiyo toa ya zamani yote kwanza, kisha upime yale mapya yanayojikusanya.

Kwa upungufu wa mafuta, ondoa kwanza kosa la joto. Dizeli hupungua ujazo karibu asilimia 0.083 kwa kila nyuzi moja ya baridi. Lita elfu kumi zilizoshushwa kwa nyuzi 38 zikapoa hadi 28 zitapungua lita 83 hivi, na hakuna hata tone lililopotea. Petroli hupungua zaidi. Mtu asiyejua hili humtuhumu mlinzi bure. Baada ya kurekebisha joto, angalia upungufu ukoje. Wizi na makosa ya pampu hufuata zamu na mauzo. Uvujaji hauna zamu. Funga tangi usiku mzima bila kuuza wala kupokea, pima jioni na alfajiri. Likipungua lenyewe, kisha likapungua tena usiku wa pili, lina tundu au bomba lake lina tundu.

Hapo toa mafuta yote, sitisha matumizi, na toa taarifa. Tanzania utahitaji kuwaona EWURA na NEMC, Kenya ni EPRA na NEMA, yaani mamlaka za nishati na za mazingira. Najua watu wanaogopa kuripoti. Lakini mafuta yakishafika kwenye maji ya ardhini hayarudi kwa ndoo. Wakazi wa Thange, Makueni, ambako mafuta kutoka kwenye bomba kuu yaliingia kwenye mto na udongo mwaka 2015, walipoteza maji ya kunywa, ya mifugo na ya mashamba, na kusafisha kulichukua miaka. Uvujaji wa kituo kimoja ni mdogo kuliko huo, ila kisima cha jirani hakijui ukubwa wa tangi lako.

Kwa nini tangi la ardhini limetoboka mapema hivi?

Nje ya tangi lililozikwa kuna udongo, na udongo wenye unyevu na chumvi ni njia nzuri ya umeme. Tangi likizungukwa na mchanga wa bahari ambao haukuoshwa, limewekewa chumvi siku ya kwanza. Likikaa nusu kwenye mchanga safi na nusu kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, sehemu iliyonyimwa hewa ndiyo huliwa, na mara nyingi hiyo ni tumbo la chini.

Kuna sababu nyingine ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha: ethi ya shaba, yaani njia ya kupeleka umeme wa hatari ardhini. Jenereta ina fito za shaba ardhini, na tangi limeunganishwa nazo kwa waya, kama usalama unavyodai. Lakini chuma na shaba vikiunganishwa kwa waya ndani ya udongo mmoja wenye unyevu, vinakuwa betri, na chuma ndicho kinacholiwa. Hali huwa mbaya zaidi pale tangi linapokuwa limepakwa rangi vizuri likabaki na mkwaruzo mmoja mdogo. Umeme wote wa shaba ile hulenga mkwaruzo huo, na tundu hupatikana haraka kuliko kama tangi lisingepakwa kabisa. Usikate waya wa ethi. Radi na umeme tuli vitakuua mapema kuliko kutu. Mwite fundi umeme abadilishe fito za tangi ziwe za zinki au za chuma kilichopakwa zinki, au aweke kifaa cha kutenganisha mkondo huo mdogo huku kikipitisha mkondo wa hatari.

Kinga yenyewe ya tangi la ardhini ni mbili kwa pamoja: rangi nzito ya nje, na kinga ya umeme, yaani vipande vya magnesi au zinki vinavyofungwa kwa waya kwenye tangi ili viliwe badala yake. Kuna kipimo cha kujua kama kinga inafanya kazi. Fundi huweka elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba juu ya udongo, huunganisha mita kwenye tangi, na kusoma. Kigezo kinachotumika sana ni milivolti 850 hasi au zaidi ya hapo upande wa hasi. Akisoma 500 au 600 hasi, tangi linajitegemea lenyewe: vipande vimeisha, waya umekatika, au shaba inanyonya kinga yote. Nchini Marekani kinga hii hukaguliwa angalau kila miaka mitatu. Hapa kwetu nimekuta matangi ambayo hakuna ajuaye waya wa kipimo ulizikwa wapi.

Ute, harufu ya mayai viza, harufu ya siki

Bakteria na kuvu hula mafuta lakini huishi kwenye maji. Makazi yao ni mpaka ule mwembamba kati ya maji na dizeli, na milimita chache za maji zinawatosha. Kuvu mmoja, Hormoconis resinae, alisumbua matangi ya ndege za jeti tangu miaka ya 1950 na 1960, na ndiye huyo huyo anayeziba filta za jenereta leo. Ute wao ukishika sakafu, chini yake hewa huisha. Hapo huingia bakteria wasiohitaji hewa, wanaotumia salfeti na kutoa gesi ya mayai viza. Chuma chini ya ute huliwa kwa vishimo vya duara vilivyopandana, na vishimo ndivyo hatari. Bamba la milimita 6 likiliwa sawasawa kwa sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, lina miaka 60. Kishimo kikichimba milimita moja kwa mwaka, lina sita, na sakafu iliyobaki yote bado ni nzima.

Gesi hiyo ni sumu, na ikiwa nyingi huua pua kwanza: unaacha kuisikia huku bado ipo. Harufu ikitoweka ghafla usifurahi, ondoka.

Harufu ya siki, pamoja na kutu nyingi juu ya usawa wa mafuta, ni hadithi nyingine. Marekani ilipoanza kutumia dizeli ya salfa kidogo sana mwaka 2006, taarifa za kutu ya ajabu zilianza mwaka uliofuata: shafti za pampu za ndani ya tangi, valvu, vifuniko. Mwaka 2016 shirika lao la mazingira, EPA, lilitoa ripoti ya matangi 42 ya dizeli. Asilimia 83 yalikuwa na kutu ya wastani au kali kwenye sehemu za chuma za ndani, hata yale ambayo tangi lenyewe ni la faibaglasi, na chini ya robo ya wenye matangi walikuwa wanajua. Asidi, ikiwemo ya siki, ilishukiwa, ingawa sababu kamili bado inajadiliwa. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni Januari 2015. Salfa hiyo si ndogo kama ya Marekani, lakini mwelekeo ni huo huo, kwa hiyo usikague sakafu tu. Chomoa pampu au fito ndefu iliyoko ndani, uitazame sehemu ya juu yake. Kutu ya magamba hapo inakusimulia hali ya paa zima.

Kuhusu dawa: dawa ya kuua viumbe inafanya kazi, ila kwa mpangilio. Toa maji kwanza, safisha ute, ndipo uweke dawa, na uwe na filta za akiba kwa sababu mizoga itakuja yote kwa pamoja. Dawa juu ya sentimita tatu za maji ni fedha iliyotupwa. Na kaa mbali na viongezwa vinavyoahidi "kuyeyusha maji". Vinayasambaza tu ndani ya dizeli, yanapita filta na kwenda kuua nozeli.

Kutu ya nje kwenye tangi la juu ya ardhi

Rangi ikivimba malengelenge kando ya mishono ya kuchomelea, sababu mara nyingi ni maandalizi: ule mshono haukusuguliwa, rangi ikashika masizi badala ya chuma. Pwani ongeza chumvi ya upepo. Ukipaka rangi juu ya chuma chenye chumvi, hata kama kinang'aa, chumvi hiyo itavuta maji kupita kwenye rangi na malengelenge yatarudi msimu ujao. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, sugua hadi chuma cheupe, paka siku hiyo hiyo.

Hayo yanaonekana, kwa hiyo si ya kutisha sana. Linalonitia wasiwasi ni sehemu mbili zilizofichika. Ya kwanza ni pale tangi linapokalia miguu yake. Maji hubaki kwenye mwanya, hayakauki, na kutu ikikua hupanua mwanya na kukaribisha maji zaidi. Ukiona mstari wa kahawia ukitiririka kutoka kwenye mguu, chuma cha juu yake tayari kimepungua. Ya pili ni sakafu ya tangi la kusimama lililowekwa moja kwa moja juu ya zege. Mvua hushuka ukutani, hupinda ukingoni na kunyonywa chini ya sakafu. Ukingo mdogo wa chuma unaotupa maji mbali, uliochomelewa kabla tangi halijajazwa, ungezuia hayo yote.

Tangi jipya, tundu ndani ya miaka michache

Uliza mambo mawili. Lilijaribiwa kwa maji gani, na maji hayo yalikaa muda gani? Tangi lililojaribiwa kwa maji ya kisima au ya bahari, likaachwa wiki kadhaa na madimbwi ndani likisubiri mafuta, limeshapandwa bakteria na vishimo vimeanza. Swali la pili: tundu liko wapi? Likiwa chini kabisa ya shimo la dipu, fito ndiyo iliyochimba. Inagonga sehemu ile ile kila siku, inakwangua utando wa kutu uliokuwa umetulia na kufungua chuma kipya kwa maji. Bamba dogo la ziada lililochomelewa hapo wakati wa kutengeneza ndilo tiba.

Tangi linatoka jasho la mafuta

Doa la mafuta kwenye mshono, vumbi limeshika, likifutwa linarudi. Usigonge kwa nyundo kujua unene. Usisugue kutu kwa mashine, maana huenda kutu hiyo ndiyo inayoziba. Shusha mafuta hadi chini ya doa, weka kinga ya kuzuia yasimwagike, kisha tumia kifaa cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti kuzunguka eneo lile. Pima kwa gridi ya karibu karibu, kwa kuwa kifaa hicho husoma pale tu kinapogusa, na kishimo kilicho sentimita mbili pembeni hukipati.

Gundi za epoksi za dharura zinakupa siku za kuhamisha mafuta. Hazikupi mwaka.

Na sasa nasema kwa uzito wote: usiruhusu fundi wa kuchomelea aguse tangi hilo mpaka lisafishwe na lipimwe gesi. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli huweza kulipuka ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa. Wengi huamini dizeli haina shida kwa sababu haiwaki kwa kiberiti, lakini joto lake la kutoa mvuke wa kuwaka huanzia nyuzi 52 hivi, na mwali wa kuchomelea hupasha mabaki yaliyo nyuma ya bamba mbali zaidi ya hapo. Mabaki hayo hujificha ndani ya magamba ya kutu, kwa hiyo kusuuza kwa maji peke yake hakutoshi. Anayeingia ndani apimiwe oksijeni, isipungue asilimia 19.5, apimiwe gesi za kuwaka na za sumu, awe na kamba, na awe na mtu mlangoni ambaye kazi yake ni moja tu, kumtazama. Mtu huyo asiingie kumwokoa mwenzake bila hewa ya kupumulia. Waokoaji wengi hufia ndani ya matangi kwa namna hiyo.

Kukarabati au kubadilisha

Kwa matangi makubwa ya kusimama, kiwango cha API 653, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, hutumia milimita 2.5 kama unene wa chini wa sakafu hadi ukaguzi ujao, na milimita 1.25 pale penye mfumo wa kugundua uvujaji chini yake. Tangi lako dogo halikujengwa kwa kiwango hicho, lakini namba hizo zinakupa kipimo cha akili. Vishimo vichache kwenye sakafu iliyo nene, vyenye chanzo kinachojulikana, vinastahili viraka vya bamba na rangi ya epoksi inayohimili mafuta, baada ya kupiga mchanga hadi chuma cheupe. Tangi la ardhini lenye tundu la nje halistahili kiraka. Limeliwa upande usiouona, na tundu la kwanza ni lile lililowahi tu.

Ukishafunga tangi tena, weka daftari. Maji hupimwa kila wiki kwa miezi mitatu ya kwanza, kila baada ya mvua kubwa, na kabla na baada ya kila lori, kwa tarehe na milimita, hata yakiwa sufuri. Maji unayoyatoa yana mafuta na asidi ndani yake: yakusanye kwenye pipa lenye mfuniko na uyakabidhi kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Mtaro wa nyuma ya jengo si mahali pake.